Nyumba ya Pwani isiyotegemea kiyoyozi: kuichora na kuijenga hatua kwa hatua

Saa tatu usiku, panda juu ya stuli sebuleni kwako uweke kiganja kwenye siling bodi. Kama nyumba yako ni ile ya kawaida ya Dar ya siku hizi, yenye bati la rangi ya mkaa, siling ya jipsamu na madirisha ya kuslaidi, utaikuta ina uvuguvugu kama sufuria iliyoepuliwa muda si mrefu. Nje kumeshapoa kidogo na majirani wamekaa barazani wanapunga upepo. Joto unalolala nalo linatoka darini kwako mwenyewe.

Mimi nachora ramani za nyumba ndogo, na nyumba yangu ya kwanza niliiharibu kwa mkono wangu. Barabara ilikuwa upande wa magharibi, nami nilitaka sebule iangalie barabara ili wapita njia waone mapazia. Miaka minne nililipia mapazia hayo kwenye luku. Wakati ule gharama ya kuihamisha sebule ilikuwa kifutio cha penseli. Baada ya kupaua, ilikuwa kubomoa nyumba. Ndiyo maana nusu ya mwongozo huu inahusu mambo ya kufanya kabla hujanunua hata mfuko mmoja wa saruji.

Nadharia kidogo, maana bila hiyo utaiga mambo ya watu

Nyumba za mawe za Lamu na Unguja zina vyumba virefu na vyembamba, upana wake mara nyingi hauzidi mita tatu. Sababu yake ilikuwa boriti. Dari ilibebwa na miti ya mikoko, na mkoko ukizidi urefu huo unapinda. Kwa hiyo msitu wa pwani ndio ulioamua upana wa chumba, matumbawe na chokaa vikaamua unene wa ukuta, na jua likaamua upana wa kichochoro. Zile kuta nene zinasifiwa sana kwa ubaridi, ila watu husahau kwamba zimesimama kwenye vichochoro vyembamba, ukuta wa huyu ukimtilia kivuli yule. Ukiuchukua ukuta huo ukausimamisha peke yake Bunju, pembezoni mwa Dar, kwenye kiwanja kisicho na mti, utapata tanuru.

Hilo ndilo kosa la kuiga. Jengo la Eastgate la Harare, lililochorwa na Mick Pearce na kukamilika mwaka 1996, linajulikana dunia nzima kwa kupoa bila viyoyozi vya kawaida. Linavuta hewa baridi ya usiku, linaihifadhi kwenye zege lake zito, na mchana zege hilo linatuliza joto. Lakini Harare iko karibu mita 1,500 juu ya bahari na usiku wake una baridi ya kweli. Usiku wa Dar mwezi Februari hauna baridi ya kuhifadhi. Hapa ukuta mzito unaopigwa na jua hujaa joto mchana na kulirudisha chumbani usiku, wakati ule ule unaotaka kulala.

Kwa hiyo kanuni ya Pwani ni kivuli kwanza, upepo wa pili, na paa lisilopitisha joto. Ukiwa Dodoma, Iringa au Nairobi, ukuta mzito unakuwa rafiki yako. Hatua za paa na maji zitakufaa, ila hesabu ya upepo itabidi uipunguze.

Hatua ya 1: kisome kiwanja

Nenda kiwanjani angalau mara tatu: asubuhi, saa tisa alasiri, na siku ya mvua kubwa. Siku ya mvua ndiyo watu hawaendi, na ndiyo inayokuonyesha maji yanapita wapi. Chimbia mti wa mita mbili, funga utepe wa nailoni kwenye ncha, uone unapepea kuelekea wapi. Waulize wenyeji kaskazi inaingilia wapi na kusi inaingilia wapi. Kwa pwani yetu kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki kuanzia Desemba hadi Machi hivi, na kusi hutoka kusini na kusini-mashariki katikati ya mwaka, lakini ghorofa la jirani linaweza kuupindua upepo wote huo.

Miti iliyopo usiikate mpaka ramani iishe. Mwembe mmoja upande wa magharibi una kazi kubwa kuliko chochote utakachonunua dukani.

Hatua ya 2: geuza nyumba ipate mgongo na mbavu

Mgongo mrefu wa nyumba ulale mashariki–magharibi, madirisha makubwa yawe kaskazini na kusini. Pwani hii ina bahati hapo: mpangilio unaokwepa jua ndio huo huo unaodaka kaskazi na kusi.

Jua la saa sita ni rahisi kulizuia kwa sababu liko juu. Jua la saa moja asubuhi na la saa kumi na moja jioni linakuja limelala, linaingia chini ya upenu wowote na kukufuata mpaka kwenye kochi. Kwa hiyo ukuta wa magharibi usiwe na dirisha la sebule wala la chumba cha kulala. Weka huko choo, stoo na jiko. Vyumba hivyo vinakuwa ngao ya joto, na kwa kuwa kaskazi na kusi zote mbili zina asili ya mashariki ndani yake, harufu na moshi vinasukumwa nje badala ya kurudishwa sebuleni. Vyumba vya kulala vikae mashariki: vitapata jua la asubuhi, lakini mpaka usiku vimeshapoa.

Vipi kama kiwanja ni chembamba na kimelala kaskazini–kusini? Hutageuza kiwanja. Hapo ukuta wa magharibi upewe baraza ndefu, au ukuta wa pili wa matofali ya maua mbele yake, umbali wa nusu mita hivi, ili jua lipige huo wa nje na hewa ipite katikati.

Hatua ya 3: pima upenu kwa hesabu

Mafundi wengi hutoa upenu wa sentimita 60 kwa mazoea. Tuhesabu. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua la saa sita linakuwa upande wetu wa kaskazini kuanzia mapema Machi hadi karibu tarehe 10 Oktoba, zaidi ya miezi saba. Miezi iliyobaki liko kusini. Mwezi Juni, likifika mwisho wake wa kaskazini, saa sita mchana linakuwa kwenye nyuzi kama 60 kutoka ardhini. Desemba, upande wa kusini, linakuwa kwenye nyuzi 73 hivi.

Pima urefu kutoka chini ya dirisha hadi ukingo wa upenu. Upande wa kaskazini zidisha urefu huo kwa 0.6, upande wa kusini kwa 0.3. Tuseme dirisha linaanzia sentimita 60 kutoka sakafuni (sababu utaiona mbele) na ukingo wa upenu uko mita 2.4. Urefu ni mita 1.8. Kaskazini unahitaji upenu wa mita 1.1 kwa kuzungusha, kusini sentimita 55.

Hiyo ni ya saa sita tu. Ukitaka ukuta wa kaskazini uwe kivulini kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri mwezi huo wa Juni, zidisha kwa 0.8, upate mita 1.4 na kitu. Upenu wa namna hiyo unaomba nguzo, na ukishasimamisha nguzo na kuinua sakafu kidogo umeshapata baraza. Wazee hawakupiga hesabu ya nyuzi, lakini walifika hapo hapo.

Nitoe dukuduku langu hapa. Mtindo wa paa la kuficha, ule ambao vijana wanauita kontemporari, ni adui wa kila nilichoandika katika hatua hii. Unajenga ukuta juu ya ukuta ili kulificha bati, unaondoa upenu, kuta zote zinabaki uchi kwa jua na mvua, na maji unayakusanya kwenye mfereji uliojificha katikati ya nyumba, ambako majani yanaziba na hakuna anayeona mpaka siling ichore ramani ya rangi ya chai. Mteja akining'ang'ania namchorea, ila namwambia aweke akiba ya fundi wa kuziba mivujo.

Hatua ya 4: hewa iwe na pa kuingilia na pa kutokea

Chumba chenye dirisha moja hakipitishi upepo hata dirisha liwe kubwa namna gani. Hewa haiingii mahali isipoweza kutoka. Kila chumba kiwe na matundu pande mbili, na pale isipowezekana, juu ya mlango wa ndani acha uwazi wa matofali ya maua au luva za mbao. Tazama nyumba ya Kiswahili ya zamani: korido katikati kutoka mlango wa mbele hadi uani, vyumba huku na huku, kuta za ndani mara nyingi hazifiki kwenye paa. Faragha ya sauti ilikuwa ndogo, ni kweli, ila hewa ilitembea nyumba nzima.

Sasa sababu ya sentimita 60. Madirisha yetu kwa kawaida huanzia mita moja hivi kutoka sakafuni, na kitanda kiko nusu mita. Upepo unampita mtu aliyelala kwa juu, unaipoza shuka iliyotundikwa kwenye mlango. Shusha dirisha, weka nondo madhubuti, upepo ukufikie ulipo. Tundu la kutokea upande wa pili liwe juu, karibu na mkanda wa zege unaopita juu ya madirisha, ili lichukue hewa ya moto iliyopanda.

Dirisha la aluminiamu la kuslaidi lenye upana wa mita moja na nusu linakupa sentimita 75 tu za hewa, kwa kuwa nusu moja hujificha nyuma ya nyenzake. Dirisha la bawaba au la luva linakupa karibu lote. Na wavu wa mbu unakula sehemu kubwa ya upepo, kwa hiyo usiuweke kwenye dirisha dogo. Ukiweza, zungushia wavu baraza nzima: eneo la wavu likiwa kubwa, upepo unaopita unatosha, na baraza unapata kulitumia hata baada ya magharibi.

Hatua ya 5: paa, ndipo palipo na vita

Nyumba ya chini inapokea sehemu kubwa ya jua lake kupitia paa. Bati juani linaweza kupita nyuzi 60 za joto, na siling iliyo chini yake inapashwa kama mkate. Kuna mambo manne ya kufanya, nami nayapanga kwa faida yake.

La kwanza ni rangi. Bati jeupe au la fedha linarudisha jua; la rangi ya mkaa au kahawia iliyokolea linalimeza. Hili halina gharama ya ziada hata shilingi, na ndilo ninaloshindwa kuwashawishi watu kuliko yote, maana rangi ya mkaa "inapendeza kwenye picha".

La pili ni kuipa dari pumzi. Usizibe uwazi ulio chini ya upenu kwa mbao. Weka wavu wa waya wenye matundu madogo, popo na panya wasiingie. Juu kabisa, kwenye kofia (bati lililokunjwa linalofunika kilele cha paa), mwambie fundi aiinue ibaki na nafasi ya kutolea hewa huku bado ikizuia mvua ya upepo, au atoboe matundu ya luva kwenye pembetatu za ukuta pande mbili za paa. Hewa baridi inaingia chini, ya moto inatoka juu, mchana kutwa, bila umeme.

La tatu ni karatasi ya alumini chini ya bati. Wengi wanaibandika uso unaong'aa ukagusa bati, na hapo umepoteza kazi, kwa kuwa unapitisha joto kama bati lenyewe. Ni lazima uso huo uwe na hewa mbele yake, sentimita mbili na nusu au zaidi, na uelekee chini kwenye hewa hiyo. Ukielekea juu utajaa vumbi na kufifia.

La nne, kwa mwenye nafasi, ni paa la pili. Francis Kéré, Mburkinabe aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kupata tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya wachora majengo duniani, mwaka 2022, alianzia hapo. Kwenye shule ya msingi ya kijijini kwao Gando, iliyokamilika mwaka 2001, alijenga dari ya matofali yenye matundu, kisha akalisimamisha bati juu yake kwa kenchi za nondo zilizochomelewa, upepo ukipita katikati. Bati linaunguzwa peke yake huko juu, wanafunzi wako kivulini. Tofauti ya kule na kwetu ni unyevu, lakini kivuli ni kivuli popote. Kwa nyumba ndogo unaweza kufanya hivyo juu ya vyumba vya kulala tu.

Makuti ni mazuri kwa joto kuliko vyote hivi. Ila yanaomba kubadilishwa kila baada ya miaka michache, na moto ukishika hakuna cha kuokoa. Mimi huyaweka kwenye banda la uani, mbali na nyumba.

Hatua ya 6: ukuta, na udongo ulio chini ya miguu yako

Saruji inachangia karibu asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotolewa na shughuli za binadamu duniani. Si kwa sababu ya moto wa tanuru peke yake, ambalo hufika nyuzi 1,450; mawe ya chokaa yenyewe yakiungua yanaachia hewa hiyo, karibu nusu tani kwa kila tani ya klinka, yale madonge yanayotoka tanuruni na kusagwa kuwa saruji. Na tofali za kuchoma, zinazopendwa bara, zinakula magogo. Mchanga nao tunauchota mitoni mpaka kingo zinabomoka.

Njia ya kati ni tofali la udongo lililochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono, hasa lile la kufungamana, ambalo halihitaji udongo wa kujengea katikati. Halichomwi. Lakini linashinda au linaharibika kutokana na udongo, kwa hiyo pima.

Ondoa udongo wa juu wenye mizizi, chimba chini yake. Jaza udongo huo hadi theluthi ya chupa, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu, acha mpaka kesho. Mchanga utakuwa chini, vumbi laini katikati, mfinyanzi juu. Unataka mchanga uwe sehemu kubwa, na mfinyanzi uwepo wa kushikilia. Dar kwingi ni kichanga mno, itabidi ulete mwekundu uchanganye.

Kisha tengeneza sanduku la mbao, ndani sentimita 60 kwa 4 kwa 4. Lipake mafuta, jaza udongo ulioloweshwa, shindilia, weka juani siku tatu. Usukume udongo wote upande mmoja, pima pengo lililobaki. Likiwa chini ya milimita 12, tumia saruji moja kwa udongo kumi na nane. Milimita 12 hadi 24, moja kwa kumi na sita. Hadi 39, moja kwa kumi na nne. Hadi 50, moja kwa kumi na mbili. Zaidi ya hapo ongeza mchanga uanze upya. Angalia jinsi udongo mbaya unavyokula saruji: hapo ndipo sanduku la mbao linapojilipa.

Maji ya mchanganyiko pima kwa kiganja. Finyanga donge, liachie kutoka kifuani lianguke pagumu. Likivunjika vipande vinne hadi sita, sawasawa. Likibaki donge moja, maji yamezidi. Likisambaa unga, yamepungua. Koroga kidogo kidogo, uumalize mchanganyiko ndani ya nusu saa hivi kabla saruji haijaanza kushika.

Tofali zifunikwe kwa nailoni kivulini na kumwagiliwa wiki nzima. Zisijengwe kabla ya siku 28. Hapa ndipo mafundi wanaponikera: siku ya kumi wanaanza kupanga, halafu ukuta ukilika wanasema udongo haufai. Kozi ya kwanza ilazwe kwenye zege kwa pima maji, tofali kwa tofali, maana kosa la milimita mbili chini linakuwa sentimita juu. Msingi uinuke kutoka ardhini, upenu uwe mpana kama tulivyohesabu, na ukuta wa namna hii hauhitaji lipu kwa nje.

Hatua ya 7: maji ya mvua

Soko la Kariakoo, alilolichora Beda Amuli mwanzoni mwa miaka ya 1970, lina paa la miavuli ya zege iliyopinduliwa, inayokinga mvua. Wewe hesabu yako ni nyepesi: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 100 za mraba, mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, ukiondoa inayopotea, ni kama lita 80,000.

Swali gumu ni tangi. Watu watano, lita 20 kila mmoja kwa siku, kiangazi cha siku 120: lita 12,000. Kama simtanki za kutosha zote hazinunuliki leo, jenga kitako cha zege cha nafasi yote, uanze na moja. Kabla ya tangi weka pipa la lita 60 la kupokea maji ya kwanza yenye vumbi na mavi ya ndege, lenye bomba dogo la kujimwaga chini. Maji ya kuogea yapeleke kwenye migomba.

Hatua ya 8: kabla ya siling na lipu, choma udi

Boma limesimama, umeshapaua, madirisha bado ni matundu. Subiri alasiri yenye upepo wa kawaida. Washa udi kwenye chetezo, ukae nao katikati ya kila chumba, kwenye kimo cha kitanda, kwa dakika kumi. Angalia moshi. Ukinyooka ukatoka upande wa pili, chumba ni kizima. Ukizunguka juu na kukaa, pale juu ya mlango pana kazi: mwite fundi atoe tofali tatu na kuweka za maua, leo hii, kabla hajakoroga lipu. Kwenye nyumba yangu ya pili nilitoboa sehemu mbili, chumba cha watoto na korido ya choo, na fundi alinicheka mpaka alipouona moshi umebadili njia.